Irungu na Otonglo za Kengele

Kondele, hatua chache kutoka kituo cha boda boda, kuna meza ya mbao yenye saa kumi na nne, na hakuna hata mbili zinazokubaliana. Ukimwuliza mwenye meza ni saa ngapi, huchomoa simu mfukoni. Huyo ndiye Irungu wa Karanja, fundi wa saa, mtu wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, mwenye sweta la kijani asilolivua hata jua la Kisumu likiwa kali namna gani. Ninaandika habari zake kwa sababu jina la nyumba ya marehemu mume wangu limesafishwa kwa kazi ya macho yake, na sipendi watu wakipokee kisa hiki kutoka kwa wasiokuwapo.

Aliingia Kisumu akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, kutoka Murang'a, akimfuata mjomba wake aliyeuza viazi sokoni Kibuye. Viazi vilimshinda. Mjomba alimkuta siku moja amevipanga kwa ukubwa, kwa rangi na kwa idadi ya macho, huku wateja wamesimama wakingoja. "Wewe si mfanyabiashara," mjomba alimwambia, akampeleka kwa fundi wa saa Mhindi mjini. Huko alikaa miaka minane. Fundi yule alipohamia Uingereza kwa wanawe alimwachia bisibisi ndogo ndogo, kioo cha kukuza cha kubana jichoni, na katalogi moja nene ya sarafu iliyokuwa imepoteza jalada.

"Saa zitapungua," alimwambia, "lakini watu hawataacha kuokota sarafu za zamani mashambani."

Irungu aliisoma katalogi ile kama wengine wanavyosoma Biblia, yaani kila siku na kwa kurudia. Alijifunza kwamba sarafu mbili za mwaka mmoja, za mfalme mmoja, za thamani moja, zinaweza kuwa na mistari miwili tofauti kitabuni, kwa sababu hazikufuliwa katika kiwanda kimoja. Serikali ya Mwingereza iliagiza sarafu zetu popote palipokuwa na nafasi, na baadhi ya viwanda viliweka herufi ndogo sana ili kazi yao ijulikane. Isiyo na herufi ni ya London. H ni ya kiwanda cha Heaton, Birmingham. KN ni ya King's Norton, mji huohuo. I ni Bombay, na SA ni Pretoria, hizo za wakati wa vita. Kwa hiyo mtu akimletea sarafu, Irungu hatazami mfalme wala mwaka kwanza. Huigeuza taratibu chini ya kioo, akitafuta ile herufi, midomo ikichezacheza kama mtu anayemnong'oneza mtoto.

Pembeni ya katalogi ana daftari lake mwenyewe. Humo huandika yale ambayo wazungu hawakuyaandika: sarafu ilipatikana wapi, na ilitumiwa kwa kazi gani. Kuna ukurasa wa zile zilizovaliwa shingoni, na ukurasa wa zile zilizopigwa msumari zikabonyea kama visahani.

Mwaka wa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, yeye na mkewe, aitwaye Wangu, waliondoka mjini na mikoba miwili. Waliporudi baada ya miezi mitano, vijana wa boda boda walimrudishia meza yake, na juu yake katalogi na daftari vimefungwa kwa karatasi ya nailoni.

"Mzee, hicho kitabu chako tulikisoma chote," mmoja alimwambia. "Hakina hadithi."

"Kina hadithi, ni wewe huna subira," alijibu Irungu, na tangu siku hiyo huwatengenezea saa zao bure. Saa zenyewe haziponi, lakini huwatengenezea bure.

Mimi nilimfikia mwaka jana, mwezi wa Agosti, nikiwa na kopo la majani ya chai kwenye mkoba na aibu ya miaka themanini na sita moyoni.

Kwetu ni Sondu, na kanisa letu lilikuwa linakaribia kutimiza miaka mia moja. Kila mzee wa kanisa anajua kisa cha kengele. Katika miaka ya thelathini waumini walichanga senti kumi kumi wanunue kengele. Senti kumi ile ndiyo tuliyoiita otonglo, sarafu pana ya rangi ya shaba yenye tundu katikati. Mtunza michango alikuwa Obiero, babu wa mume wangu. Mwaka wa 1937 michango ikawa haipo, kengele haikuja, na mpaka leo waumini huitwa kwa kupigwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Hakuna aliyemshtaki Obiero. Lakini marehemu mume wangu, Laban, alipokuwa shuleni wenzake walimpita wakiiga kengele, "ngeng', ngeng'," na alipofikisha miaka hamsini akiwa mkaguzi wa elimu bado kulikuwa na mzee sokoni wa kumwuliza kengele inalia lini.

Basi mwaka jana tukabomoa nyumba ya Obiero, iliyokuwa imeinama, ili binti yangu Ivy ajenge. Katika udongo wa ukuta wa mashariki mfanyakazi akakuta kopo la chai. Ndani yake kulikuwa na kamba ya katani yenye otonglo mia moja na ishirini, zote za mwaka 1936.

Habari ilifika sokoni kabla vumbi halijatulia. Jumapili iliyofuata Mzee Oyugi, mwenyekiti wa kamati ya kijitabu cha miaka mia moja, alinisomea sentensi aliyokusudia kuiweka ukurasa wa tisa: "Fedha za kengele, zilizokuwa mikononi mwa Obiero, zilipotea mwaka 1937, na zimepatikana mwaka huu ukutani kwake." Kijitabu kilikuwa kinapelekwa kwa mpiga chapa Jumatatu ya wiki ya pili.

"Mwalimu, usikasirike," Oyugi aliniambia. "Historia ni historia."

"Sijakasirika," nilimwambia, na nilikuwa nimekasirika kabisa. Maneno ya sokoni hufa pamoja na wasemaji. Yakichapwa, wajukuu wa Ivy watayakuta.

Nilimwomba siku kumi. Akanipa sita.

Wifi yangu Akello, dada yake Laban, ana moyo mwema na mikono isiyotulia. Nilipomwambia ninazipeleka sarafu kwa mtaalamu, alizichukua arobaini akazisugua kwa majivu na limau mpaka zikang'aa kama sufuria mpya. "Hatuwezi kwenda kwa mgeni na vitu vichafu," alisema. "Atatuonaje?" Kusema kweli, hata mimi niliona zimependeza.

Irungu alipofungua kopo alitoa sauti niliyodhani ni ya maumivu ya jino.

"Haiya! Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Akello kwa fahari.

"Mama, kama mtu angekuja hapa na uso wa nyanya yako, ungeupiga msasa?"

"Nyanya yangu alikuwa anaoga, Bwana Irungu."

Vijana wa boda boda walicheka sana. Irungu naye alicheka, lakini alizitenga zile arobaini upande mmoja wa meza, akazifunika kwa kitambaa.

Nilimweleza shida yangu yote. Kisha nikamwambia kwamba ningelipa vizuri kama angeniandikia barua ya kusema hizi si fedha za kanisa. Alitoa kioo jichoni akanitazama.

"Mwalimu, wewe ulisahihisha mitihani?"

"Miaka thelathini na moja."

"Mzazi akikuja na bahasha kabla ya kusahihisha?"

Alirudisha kioo jichoni. "Nitakuambia nilichoona. Kikikupendeza, sawa. Kisipokupendeza, pia nitakisema hukohuko Sondu."

Alifanya kazi saa tatu. Alichukua moja moja, akaigeuza, akanong'ona, akaiweka. Mkewe Wangu alituletea chai na mandazi, akatuambia tusijaribu kumsemesha, kwani siku ya harusi yao pia alikuwa hivyohivyo mbele ya pete. Mwishowe Irungu alinyoosha mgongo.

"KN," alisema. "Mia moja na kumi na tisa ni KN. Moja ni H."

Nilimwuliza maana yake ni nini kwa mtu asiye na katalogi.

Alichukua daftari na kuchora. "Mwaka wa 1936 otonglo zilitoka viwanda vitatu. London, Heaton, King's Norton. Zikifika huku kila kiwanda kina mifuko yake. Benki ikifungua mfuko mmoja kumlipa mwajiri, na mwajiri akalipa watu, mtu anakwenda nyumbani na herufi moja. Zinakuwa mpya, hazijashikwashikwa. Tazama hizi." Aliinua moja ambayo Akello hakuifikia, akaniwekea kioo. Kwa mara ya kwanza niliona zile herufi mbili, ndogo kuliko chawa, na kingo za sarafu kali kama zilikatwa jana. "Sasa sadaka. Sadaka inatoka kwa mama wa samaki, mzee wa ng'ombe, mtu wa kinu. Kila mtu na otonglo yake, ya kila mwaka, imechakaa. Sijawahi kuona sadaka ya herufi moja. Babu huyu alifanya kazi wapi?"

"Kwenye kiwanda cha pamba," alidakia Akello. "Baba alikuwa anasema alilipwa shilingi kumi na mbili kwa mwezi."

Mia moja na ishirini za senti kumi kumi. Sikuhitaji kuandika ubaoni.

"Na ile moja ya H?" niliuliza. "Tunaweza kuiacha hapa Kondele?"

"Hapana," alisema Irungu. "Inakwenda Sondu pamoja na wenzake."

Jumamosi tulikutana nyumbani kwa Mzee Oyugi: yeye, katibu wake Mama Apiyo, mimi, Akello na Irungu na sweta lake. Oyugi alimkaribisha vizuri, akamwuliza habari za barabara, kisha akamwuliza kwa upole mtu wa Murang'a anajua nini kuhusu kengele ya Sondu.

"Kengele siijui, Mzee," Irungu alijibu kwa lugha yetu, Dholuo safi iliyomfanya Mama Apiyo atabasamu. "Mimi najua sarafu tu."

Alieleza kama alivyonieleza. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipofika kwenye ile moja ya H, Oyugi aliinua kidole.

"Hiyo! Hiyo moja imetoka wapi?"

"Sijui."

"Si ya sadaka?"

"Inaweza kuwa ya sadaka. Inaweza kuwa chenji ya chumvi. Sijui, Mzee."

Nilitamani kumkanyaga mguu. Oyugi aliegemea kiti. "Unaona, Mwalimu. Mimi simchukii Obiero. Lakini sarafu mpya mtu anaweza kuzipata kwa kubadilisha. Alichukua sadaka zilizochakaa, akapeleka dukani, akapewa mpya. Mgeni wetu ametuambia hizi zilitoka mfuko mmoja. Hajatuambia za sadaka zilikwenda wapi."

"Ni kweli," alisema Irungu. "Hilo sijaambia mtu."

Mama Apiyo alifunika kalamu yake. Akello alianza kuzifunga sarafu kwenye kitambaa, na mimi nilikuwa nikipanga maneno ya heshima ya kuagia, kwa kuwa mjane wa Laban hatoki kwenye nyumba ya mtu kwa kelele. Irungu aliomba aangalie ile H mara moja zaidi penye mwanga. Akatoka nje. Pa kuegemea palipokuwa karibu ni banda la kuku la Oyugi, banda la mabati mazee lenye paa la kufika kifuani. Akaegemea hapo, kioo jichoni.

Muda ukapita. Tukasikia kuku wakilalamika.

"Omera, ndugu yangu!" Oyugi aliita kutoka mlangoni. "Unanibomolea banda?"

Irungu alikuwa ametoa bisibisi yake ndogo na anakwangua lami nyeusi juu ya kichwa cha msumari. Tulipomfikia aliuliza bila kugeuka, "Mzee, mabati haya ulitoa wapi?"

"Ya kanisa la zamani. Tulipoezeka upya mwaka wa tisini na nne, kila mzee alipewa mgao wake. Kwa nini?"

"Kanisa hilo la zamani liliezekwa lini?"

Mama Apiyo, aliyekuwa na kitabu cha kanisa kwapani, alifungua. "Elfu moja mia tisa thelathini na saba. Mwezi wa tatu, kabla ya mvua."

Irungu alisogea pembeni. Chini ya kichwa cha msumari, pale ambapo fundi wa leo huweka washa ya mpira ili maji yasipenye, palikuwa na duara pana la shaba, limebonyea kama kisahani, na msumari umepita katikati ya tundu lake. Alilikwangua tena. Tukaona zile pembe za ndovu zilizochorwa kuzunguka tundu la senti kumi.

Kisha Akello akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka ng'ambo ya mto, upande wa Kericho.

"Fundi alikosa washa," alisema Irungu. "Nimeshaona hivi mara nne, ziko kwenye daftari. Mvua inakuja, mabati yako juu, washa hakuna, na otonglo ina tundu tayari."

Alipita paa lote kwa bisibisi, na Mama Apiyo akiandika. "1922, haina herufi, London. 1928, London. 1936, H. 1936, KN. Hii imechakaa mpaka mfalme hana jina. 1934, London. 1936, haina herufi." Kuku mmoja alimparamia begani akamwacha akae hapo. "Hii ndiyo sadaka, Mzee. Kila mwaka, kila kiwanda, kila mkono. Sasa nimekuambia zilikwenda wapi."

Kwenye banda lile tulipata hamsini na tatu. Kitabu cha kanisa kinasema michango ya kengele ilifika sarafu mia tatu na arobaini. Mzee Oyugi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitazama banda lake.

"Kwa hiyo kengele," alisema, "imelala na kuku wangu miaka thelathini."

"Na kabla ya hapo ililala juu ya vichwa vyenu kanisani," alisema Akello. "Mkimwombea Obiero atubu."

"Lakini kwa nini hakusema?" aliuliza Mama Apiyo. "Mtu anasingiziwa, anakaa kimya?"

Wote tulimtazama Irungu. Alitoa kioo jichoni akakipangusa kwa sweta. "Hapo kioo changu hakifiki, Mama."

Mimi nina mawazo yangu. Nadhani wazee wote walikubaliana kupigilia kengele kwenye paa, wakaona haya kuwaambia akina mama waliochanga, na Obiero, kwa kuwa ndiye aliyeshika mfuko, akaibeba haya ile peke yake. Lakini sikuomba iandikwe, kwa sababu sina ushahidi wake. Hilo nilijifunza kwa Irungu.

Wiki ile Sondu ilikuwa kama imeingiwa na wazimu. Mabati ya kanisa la zamani yalikuwa yamegawiwa wazee kumi na moja, na baadhi waliyauza. Kila mwenye jiko, choo au zizi la mabati mazee alipanda juu na bisibisi. Mtu mmoja alikuta tisa kwenye choo chake na akaomba jina lake lisitajwe kijitabuni. Mpaka leo zimepatikana mia mbili sitini na saba. Vijana wa sokoni sasa humpigia Mzee Oyugi "ngeng', ngeng'," naye huwatishia fimbo huku akicheka.

Ukurasa wa tisa wa kijitabu unasema hivi, na niliusahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu kabla haujakwenda kwa mpiga chapa: "Michango ya kengele ilitumiwa mwaka 1937 kuezekea kanisa, ambapo sarafu ziliwekwa chini ya misumari. Obiero, aliyeitunza, hakuiiba." Oyugi aliweka sahihi yake chini.

Siku ya sherehe Irungu na Wangu waliketi mstari wa mbele, kati yangu na Akello. Alikataa malipo. Nilipomsukuma sana aliomba kitu kimoja, otonglo moja ya banda la kuku, yenye lami yake. Akello aliahidi kwa kiapo kutoisugua.

Nilipita Kondele juzi. Alinifungulia daftari lake, ukurasa wa zile zilizopigwa msumari. Sarafu imebandikwa hapo, na chini yake, kwa mwandiko wake mdogo uliosimama sawa, ameandika: "Senti kumi, 1936, KN. Sondu. Ilichangwa kwa kengele, ikazuia mvua."

Kisha akaniuliza kama nimekuja na saa. Nilimpa ya Laban, iliyosimama tangu alipofariki. Aliifungua, akainong'oneza kidogo, akaniambia nirudi Alhamisi. Nina hakika itatembea. Kama itasema kweli, hilo ni jambo jingine.